Ugiriki: siku ya kazi bibi wa Olympos anageuza uso, siku ya sikukuu anajipanga mbele ya kamera. Kwa nini?

#1 Mtanga wa Piraeus (mleta mada)

Wakuu salaam.

Niko Piraeus kikazi. Mwezi wa Agosti nikipata likizo napanda meli hadi kisiwa cha Karpathos, kijiji cha Olympos, kupiga picha za mavazi ya jadi. Kwa asiyekijua, kijiji kimekaa kwenye mgongo wa mlima kaskazini mwa kisiwa, na ni moja ya sehemu chache sana Ugiriki ambako akina mama, wazee hasa, bado wanavaa vazi la kwao siku ya kazi na si siku ya ngoma peke yake. Gauni refu la rangi nzito, aproni, kitambaa cha kichwa chenye maua, na buti za ngozi zinazopanda karibu na goti.

Kinachonitatiza ni hiki. Siku ya kawaida bibi anatoa mikate kwenye tanuri la nje. Nikinyanyua kamera tu, anageuza uso au ananionyesha kiganja. Ikifika tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kulala kwa Bikira Maria, bibi yuleyule anamvuta mjukuu wake mbele yangu, anamnyoosha ile kola ya sarafu za dhahabu shingoni, anarudi nyuma kidogo na kunisubiri nipige. Tena ananihimiza.

Mantiki iko wapi? Na swali la pili kwa wenye uzoefu wa kamera: mnapigaje nguo nyeusi na dhahabu kwa pamoja kwenye jua la Agosti bila kupoteza kimojawapo?

#2 Kipanga wa Usambara

Mkuu, jibu jepesi: wamechoka. Nilifika huko na meli ya asubuhi kutoka Pigadia, mji mkuu wa kisiwa. Mnashushwa Diafani bandarini, basi linawapandisha mlimani, na kufika saa tano kila kichochoro kina mtu na kamera. Jioni wote mmeondoka. Hebu fikiria watu wanakufanyia hivyo tangu Mei hadi Oktoba, wewe unakanda unga. Sikukuu ni siku yake, anaitawala yeye. Siku ya kazi unaitawala wewe mwenye lenzi.

#3 Binti Pangani

Uchovu upo, ila sidhani ndio mzizi. Mama yangu ukimpiga picha yuko jikoni na kanga ya kupikia atakufukuza na mwiko, na harusini ndiye wa kwanza kumwita mpiga picha. Ninyi mnaona "vazi la jadi" kwa sababu ni geni machoni penu. Kwake ile aproni ni nguo ya kazi yenye majivu.

Na picha ziko wapi? Umeleta uzi wa picha bila picha.

#4 Mzee Kombo

Wote mmepita pembeni. Wagiriki wanaogopa kijicho. Wanakiita mati, na ndiyo maana unaona zile shanga za bluu zenye jicho kila duka, kila gari, kila kitanda cha mtoto. Mtu akisifiwa sana wanatema mate mara tatu, ftu ftu ftu, kuondoa balaa. Kamera ni jicho la mgeni lisilopepesa. Sisi wa Pwani tulipaswa kuelewa hili kabla ya mtu mwingine yeyote.

#5 Kipanga wa Usambara

Mzee Kombo, shikamoo. Lakini hoja yako inajipinga. Kama ni kijicho, bibi angemficha mjukuu aliyevaa dhahabu shingo nzima, siyo kumficha yeye mwenyewe aliyeshika sinia la mikate. Mwenye cha kuhusudiwa ni yule msichana!

#6 Mzee Kombo

Marahaba. Na umewahi kuwasikia wanavyomtemea huyo msichana kabla hajatoka mlangoni? Kinga imeshawekwa siku hiyo. Siku ya mikate hakuna kinga.

#7 Mkazi wa Kypseli

Niko Athens, mtaa wa Kypseli, tuko Waafrika wengi hapa. Mimi naona mnasahau msiba. Vijijini Ugiriki mwanamke akifiwa na mume anavaa nyeusi miaka mingi, wengine hadi kufa. Unampigaje picha mtu aliye kwenye msiba? Anageuza uso kwa heshima ya marehemu, si kwa ajili yako. Siku ya sikukuu anayepigwa ni mjukuu, ambaye hana msiba.

Halafu hiyo kola ya dhahabu ni mahari kutoka kwa bwana harusi, ndiyo maana wanaitangaza.

#8 Mtanga wa Piraeus (mleta mada)

Mkazi, asante. Msiba unaeleza baadhi. Ila Olympos gauni la kila siku lina rangi nzito hata kwa ambaye hajafiwa, na hao wenye vitambaa vya maua nao wanageuka vilevile.

Binti Pangani, picha sijaweka kwa makusudi. Nilizo nazo za siku ya kazi zimepigwa kwa mbali na wenyewe hawajakubali. Nitaomba idhini kwanza.

#9 Dada wa Rhodes

Habari zenu. Mimi ni wa Mombasa, natunza wazee Rhodes, na bibi ninayemhudumia sasa amezaliwa Olympos. Naomba nisahihishe mchango #7, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipo.

Ile kola inaitwa kolaina. Haitoki kwa bwana harusi. Inavaliwa na kanakara, yaani binti wa kwanza, na anaipata upande wa mama. Olympos wana utaratibu wao: mali ya mama, nyumba na mashamba, inakwenda kwa binti wa kwanza, mali ya baba inakwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Wadogo zao walibaki na kidogo mno, na wengi wao walihama. Waliishia Piraeus, hapa Rhodes, na wengine mbali kabisa huko Baltimore, Marekani.

Sarafu zimeshonwa juu ya kitambaa safu kwa safu, ya chini imefunikwa nusu na ya juu yake kama magamba ya samaki, na kola inashuka hadi kifuani. Bibi aliniruhusu kuishika ya kwao. Nzito! Msichana akicheza nayo usiku kucha, kesho yake shingo inamuuma.

Sasa nilimuuliza bibi swali hilihili la mleta mada, kwa sababu hata yeye mwenyewe hapendi picha. Akanijibu kwamba mjukuu akivaa kolaina uwanjani, anayeonekana pale ni mama yake, bibi yake, nyumba yao na shamba lao. Kijiji kizima kinatakiwa kuona, na mpiga picha ni jicho moja zaidi. Akiwa kwenye tanuri anaonekana yeye tu, na yeye hana haja.

#10 Binti Pangani

Dada wa Rhodes umetutendea haki. Kwa hiyo picha ya Agosti ni kama hati ya nyumba?

#11 Dada wa Rhodes

Karibu na hapo. Ila sitaki kusema ndilo jibu la kijiji kizima. Ni bibi mmoja.

#12 Njoroge wa Lenzi

Mimi najibu swali la pili ambalo mmelikimbia. Jua la Agosti adhuhuri ni adui. Vaa filta ya polaraiza, inaua mng'ao wa dhahabu, kisha ongeza mwanga kidogo nguo nyeusi ionekane. Kwisha.

#13 Fundi Mwanga

Njoroge, hapana. Polaraiza inapunguza mng'ao wa maji, kioo, majani, hata ngozi yenye jasho. Kwenye chuma kitupu haifanyi kitu, na dhahabu ni chuma. Utapoteza mwanga tu, na sarafu zitaendelea kukumulika.

Na kuongeza mwanga ndiyo njia ya haraka ya kuunguza sarafu. Sarafu ikishakuwa nyeupe tupu, hakuna programu itakayorudisha sura ya mfalme iliyochongwa juu yake. Fanya kinyume: pima mwanga kwenye sarafu, linda zile sehemu zinazong'aa, nguo nyeusi iache iwe nyeusi, halafu inua vivuli nyumbani kwenye faili ghafi (RAW). Kamera za siku hizi zinahifadhi mengi gizani.

Bora zaidi, msogeze msichana kivulini, penye ukuta mweupe upande wa pili. Olympos kuta nyeupe hazikosekani. Ukuta unarudisha mwanga mpana na laini, kila sarafu inapata ukingo wake na kitambaa kinabaki na uzi wake. Flashi usiithubutu, kila sarafu itakuwa kioo kidogo kinachokupiga machoni.

Onyo jingine: nguo zilizofumwa kwa uzi mwembamba na wa karibu-karibu zinaleta mawimbi ya rangi kwenye kamera za kidijitali. Ukiyaona, sogea hatua moja mbele au nyuma, au geuza pembe kidogo. Yataondoka.

#14 Njoroge wa Lenzi

Sawa Fundi, la dhahabu nimelichukua. Na ile sketi nyeupe ya wanaume, fustanela, je? Yangu zote zilitoka za kijivu.

#15 Fundi Mwanga

Hapo ndipo unaongeza. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani kuna mwanga wa kupita kiasi, inapunguza. Ipandishe kama hatua moja. Na piga jua likiwa upande, asubuhi au jioni, marinda yapate vivuli. Jua la mbele linayalaza yote yaonekane kama shuka.

#16 Fundi Cherehani

Umetaja marinda, nimeamka. Mimi ni mshonaji. Ile sketi ya askari wa ulinzi wa Rais pale Athens, wale evzone, ina marinda 400, moja kwa kila mwaka wa utawala wa Waturuki. Fikirieni kazi ya kupiga pasi!

#17 Mwalimu Sikujua

Fundi, hadithi hiyo kila mwongozaji watalii Athens anayo. Lakini hesabu yake inalegea. Konstantinopoli ilianguka mikononi mwa Waturuki 1453, mapinduzi ya Wagiriki yakaanza 1821. Hiyo ni miaka 368. Na fustanela ilivaliwa katika Balkani muda mrefu kabla ya 1821, Waalbania nao wakiivaa. Mshonaji wa wakati ule angehesabuje miaka ambayo haijaisha?

#18 Fundi Cherehani

Wewe umehesabu tarehe, mimi nimehesabu kitambaa. Maeneo mengine Waturuki walitawala zaidi ya hapo, mengine pungufu. Thesaloniki ilichukuliwa 1430 ikarudi kwa Wagiriki 1912. Kwa hiyo 400 ni namba ya katikati na inashikika. Kwa askari anayeivaa leo, maana ni hiyo.

#19 Mwalimu Sikujua

Anayeivaa leo, sawa. Mimi nasema ya mwanzo.

Na hapa nataka kumgusa mleta mada. "Vazi la jadi" la Ugiriki limepita mikono mingi. Mfalme Otto alikuja mwaka 1833 kutoka Bavaria, kijana wa Kijerumani, naye akavaa fustanela. Mkewe Amalia akatengeneza vazi la kasri lililochanganya nguo za kienyeji na mitindo ya Ulaya, koti fupi lililobana na sketi ndefu pana, likaenea mijini hadi leo linaitwa kwa jina lake. Watoto wa shule wanalivaa 25 Machi wakisherehekea uhuru, na watalii wanaamini ni la kijijini tangu zamani.

Kamera nayo imefanya kazi yake. Kuna mama mmoja, Nelly's, jina lake halisi Elli Sougioultzoglou-Seraidari, mzaliwa wa Aydin huko Asia Ndogo, alisomea upigaji picha Dresden. Miaka ya 1930, wakati wa udikteta wa Metaxas, alipiga vijijini kwa ajili ya utalii wa serikali. Picha zake za wachungaji na wasichana ziliwekwa sambamba na sanamu za kale kuonyesha kwamba sura ni zilezile tangu Wagiriki wa kale, na picha zake kubwa zilipamba banda la Ugiriki kwenye maonyesho ya New York ya 1939. Kumbukumbu zake ziko makumbusho ya Benaki, Athens. Ukiziangalia ni nzuri mno! Lakini mchungaji yule hakuulizwa kama anataka kuwa sanamu ya kale.

Kwa hiyo bibi anayegeuza uso huenda anakataa kufanywa kitu kingine. Hiyo ndiyo tafsiri yangu.

#20 Kipanga wa Usambara

Mwalimu, bibi wa mikate hamjui Metaxas wala Nelly's. Karpathos miaka hiyo ilikuwa chini ya Italia! Visiwa vya Dodekanisa, Karpathos ikiwemo, vilijiunga rasmi na Ugiriki 1948.

#21 Mwalimu Sikujua

La Italia uko sahihi. Lakini Constantine Manos, Mmarekani wa asili ya Kigiriki, alipiga picha Olympos mwanzoni mwa miaka ya 1960, na picha zile zimezunguka dunia nzima. Tangu hapo kijiji kinajua kinaangaliwaje.

#22 Mama Zuhura

Jamani, Olympos ni kijiji kimoja. Nenda Naoussa, Makedonia, wakati wa kanivali kabla ya Kwaresima yao. Kuna kikundi kinaitwa Genitsaroi na Boules. Wote ni wanaume, hata "bibi harusi" ni mwanaume. Usoni wanavaa kinyago cheupe cha nta, na kifua chote kimefunikwa sarafu na minyororo ya fedha inayoshonwa juu ya mtu mwenyewe asubuhi hiyo, kipande kwa kipande, mtu amesimama. Ni kazi ya saa nyingi, ndugu na jamaa wanasaidia.

Shemeji yangu anaishi Veria, jirani na hapo, akanipeleka. Barabarani piga utakavyo, mwenye kinyago hajali, hujui ni nani. Lakini nyumbani wakati anashonewa, kamera ilikuwa chini hadi baba mwenye nyumba alipoitikia kwa kichwa. Sura ikiwa wazi, unaomba. Sura ikifunikwa, hata huombi. Mleta mada, hilo halikusaidii?

#23 Mtanga wa Piraeus (mleta mada)

Mama Zuhura, linanisaidia sana. Hata Olympos msichana wa sikukuu, kwa yale mavazi na dhahabu yote ile, amefunikwa kwa namna yake.

#24 Mkazi wa Kypseli

Makedonia hiyohiyo kuna Roumlouki, upande wa mji wa Alexandria ambao zamani uliitwa Gidas. Wanawake wa kule walivaa kilemba kama kofia ya chuma ya askari, na mfano wa shungi juu. Wenyeji wanasema Aleksanda Mkuu aliwavua wanaume woga kofia zao akawapa wanawake, kwa sababu ndio waliosimama vitani. Hiki huwezi kukivaa kwa siri, ni cha kuonyeshwa.

#25 Mwalimu Sikujua

Hadithi tamu, lakini kutoka Aleksanda hadi kilemba hicho ni zaidi ya miaka 2,000.

#26 Mzee Kombo

Mwalimu kazi yake leo kukata hadithi za watu. Waachie kofia yao.

#27 Sheria Mtaani

Naona wote mnajadili moyo wa bibi, hakuna anayetaja haki yake. Ugiriki, sheria ya kiraia, kifungu cha 57, inalinda utu wa mtu, na sura yake imo. Juu ya hapo kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018. Kiganja kile ni kukataa, hakihitaji maelezo. Kupiga kwa ajili ya albamu yako ni jambo moja. Kuchapa kadi za posta au kuuza mtandaoni ni jambo jingine kabisa. Mleta mada kafanya vizuri kutoziweka hapa.

#28 Njoroge wa Lenzi

Na pesa? Kwetu Wamaasai wengine wanasema wazi, picha kwa malipo, mnamalizana. Huko wanalipwa?

#29 Kipanga wa Usambara

Hawakuombi pesa ya picha. Wanauza vitambaa, asali, mitishamba, mlangoni kwao. Ukinunua na ukakaa kidogo, mambo yanabadilika. Ukipiga na kupita, hapana. Mimi nilinunua asali, na bibi akaniruhusu kupiga mikono yake tu. Mikono na ule unga. Uso alinikatalia hadi mwisho.

#30 Binti Pangani

Mikono tu! Hiyo ndiyo picha ningependa kuiona kuliko zote.

#31 Babu wa Mkonge

Nimechelewa. Wagiriki mimi nawajua kwa Tanga. Baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge la Mgiriki mmoja enzi za ukoloni. Wagiriki wa mkonge walikuwa wengi Tanga, na Arusha na Iringa nako walikuwepo. Mke wa bwana shamba alikuwa na sanduku la nguo za kwao, zenye darizi nyekundu pindoni, upana wa kiganja na zaidi. Sikukuu yao ya Pasaka alizitoa, akazianika, akazirudisha. Hakuzivaa. Baba alisema picha moja ilikuwa ukutani, mama yake yule bibi ndani ya vazi hilohilo. Walipoondoka baada ya Azimio la Arusha walibeba sanduku na picha, fanicha wakaacha.

#32 Mtanga wa Piraeus (mleta mada)

Babu, shikamoo, na asante sana. Sikutegemea uzi huu ungefika Tanga. Darizi nyekundu pana pindoni zipo sehemu za Attica, vijiji vya Mesogeia. Unakumbuka walitoka wapi?

#33 Babu wa Mkonge

Marahaba mwanangu. Baba alikuwa akisema "kisiwani". Kisiwa gani, hakusema.

#34 Fundi Cherehani

Kama ni kisiwani basi siyo Mesogeia, ile ni bara. Nyekundu pindoni visiwani nako iko, kila kisiwa na mkono wake. Mtu akitaka kuzilinganisha zikiwa zimesimama, aende Nafplio, kuna makumbusho ya mavazi yaliyoanzishwa 1974 na Ioanna Papantoniou. Athens kuna ukumbi wa ngoma wa Dora Stratou, tangu 1953, wacheza ngoma wanavaa mavazi ya zamani yenyewe jukwaani. Mimi ningeanzia huko, nione mishono, ndipo nipande mlima.

#35 Kipanga wa Usambara

Narudi kwenye mada. Nasimama na uchovu, na kuna njia ya kulijua. Mtanga, usiende Agosti. Nenda wakati ambapo meli za watalii hazijaanza. Bibi akiendelea kugeuza uso na mgeni ni wewe peke yako, nitaacha hoja yangu.

#36 Binti Pangani

Na mimi nina la kwangu: mwambie utarudi baada ya saa moja. Akibadilisha kitambaa na kuvua aproni, mjue ni nguo. Mzee Kombo atakwambia ameenda kuvaa shanga ya bluu!

#37 Mzee Kombo

Na akivaa, mtaniomba radhi hapahapa.

#38 Mtanga wa Piraeus (mleta mada)

Nimekubali. Nitakwenda Pasaka. Jumanne ya Pasaka Olympos wanatoa ikoni, zile picha takatifu, kanisani, wanazizungusha makaburini na mashambani, na akina mama wanakuwa wamevaa vizuri huku watalii wakiwa wachache. Nitabeba picha za mwaka jana zilizochapwa, zile za wasichana, niwapelekee wenyewe kwanza kabla sijafungua kamera. Dada wa Rhodes, bibi yako anahitaji kitu kutoka kwao?

#39 Dada wa Rhodes

Nimemuuliza. Anataka mkate wa Pasaka wa kwao, na picha ya tanuri la nyumba yake. Amesema tanuri tupu, bila mtu.

#40 Mkazi wa Kypseli

Mtanga, kabla hujakata tiketi: Pasaka ya Kiorthodoksi miaka mingi haiendi na ile ya Roma. 2027 Roma ni 28 Machi, Waorthodoksi ni 2 Mei. Ukifuata ya Roma utafika kijijini wako kwenye Kwaresima, na mkate wa bibi hautakuwa umeokwa.